Nani Anashika Ufunguo wa Seva Kuukuu?

Mjadala wa serikali mtandao nchini mwetu una desturi ya kuanzia juu. Tunataja mifumo kwa majina yake, MUSE, NeST, GePG. Tunahesabu huduma zilizohamia kwenye simu. Tunapongezana kwa kupungua kwa makaratasi. Jambo tusilolijadili ni chuma chenyewe: mashine iliyofungiwa katika chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kwa zamu, ikiwa na vumbi la miaka kumi, na ambayo siku ikizima ndipo tunakumbuka kwamba ipo. Leo nataka nizungumzie kitu kidogo zaidi ya hapo, kadi yenye ukubwa wa kiganja iliyomo ndani ya mashine hiyo, kwa sababu ninaamini kwamba katika kadi hiyo mna swali la kisiasa ambalo wanafunzi wangu wa utawala wa umma hawafundishwi kuliuliza.

Tuanze na Kahama. Wilaya ya zamani ya Kahama imezaa halmashauri tatu, yaani Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu, na juu ya hizo kuna hospitali, vyuo, vyama vya ushirika, mamlaka za maji, kampuni za uchenjuaji dhahabu na maduka makubwa ya jumla yanayohudumia magari yaendayo Rwanda na Burundi. Kutoka Kahama hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 200. Hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 1,000. Kwa mtu aliyezoea ofisi za Dodoma au Kijitonyama, seva ikikwama ni suala la kushuka ngazi. Kwa taasisi ya Kahama isiyo na fundi wake, seva ikikwama ni suala la barua ya kuomba mtaalamu, kibali cha safari, posho ya kujikimu, na siku mbili au tatu za wananchi kuambiwa warudi kesho.

Mara nyingi kinachosubiriwa siku hizo zote si kikubwa. Umeme umekatika usiku, betri za akiba zimekwisha, umeme umerudi, na mashine imewaka hadi nusu ya njia. Imegundua kwamba feni moja haizunguki au betri ndogo ya saa imekufa, ikaandika onyo kwenye skrini ambayo hakuna aliyeiunganisha, na sasa inasubiri mtu abonyeze kitufe cha F1 ili iendelee. Hilo tu. Dirisha la malipo la hospitali limefungwa, foleni imefika nje ya geti, mama mwenye mtoto mwenye homa anaandikiwa kwenye daftari ambalo kesho hakuna atakayelihamishia kwenye mfumo, na kinachokosekana ni kidole kimoja juu ya kitufe kimoja.

Tatizo hilo lilipatiwa ufumbuzi zamani. Mwaka 1998 kampuni za Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC zilichapisha viwango vya pamoja vinavyoitwa IPMI, na toleo lake la pili likafuata mwaka 2004. Wazo lake ni rahisi: ndani ya seva wekwe kompyuta nyingine ndogo, yenye kichakato chake, kumbukumbu yake na anwani yake ya mtandao, isiyotegemea kabisa kompyuta kubwa. Wataalamu huiita BMC. Dell huiuza kwa jina la iDRAC, Hewlett-Packard kwa jina la iLO. Maadamu waya wa umeme umechomekwa, kompyuta hii ndogo iko macho hata kama seva imezimwa. Kupitia kwayo, mtu aliyeko Mwanza anaweza kuwasha na kuzima mashine iliyoko Kahama, kusoma joto na kasi ya feni, kuiona skrini ileile ambayo angeiona akiwa amesimama mbele yake, na hata kupakia mfumo endeshi upya kutoka kwenye diski iliyomo katika kompyuta yake ya mkononi. Kile kitufe cha F1 angekibonyeza akiwa mezani kwake.

Watu wa Kahama hawana sababu ya kushangazwa na jambo la kuendeshwa kutoka mbali. Maji wanayokunywa husafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, kisha husukumwa kwa mabomba hadi kwao na hadi Shinyanga. Wanafahamu faida ya mtambo ulio mbali, na wanafahamu pia maana ya kutokuwa na usemi juu ya mtambo huo siku maji yasipotoka.

Sasa tuje kwenye kuboresha mashine za zamani. Seva nyingi zilizonunuliwa na taasisi za umma na za binafsi kati ya mwaka 2009 na 2015 zina kompyuta hiyo ndogo ndani yake, lakini katika hali ya unyonge. Chukua Dell PowerEdge R710, mashine iliyotoka mwaka 2009, mwaka uleule mgodi wa Buzwagi ulipoanza kuzalisha dhahabu. R710 ingeweza kuja na iDRAC6 ya daraja la chini, inayoruhusu kuwasha na kuzima na kusoma vipimo lakini isiyoonesha skrini. Anayetaka kuona skrini na kupakia diski kwa mbali ilimpasa aongeze kadi ya daraja la juu, inayochomekwa kwenye bodi mama na kuleta tundu lake la pekee la kebo ya mtandao. Baadhi ya mashine za Supermicro za enzi hizo nazo zilikuwa na nafasi ya kadi ya namna hiyo, ambayo mnunuzi aliyebana matumizi aliiacha wazi. Leo kadi ya iDRAC6 hupatikana katika masoko ya vifaa vilivyotumika kwa fedha isiyofikia posho ya siku chache za mtaalamu mmoja. Kuiweka huchukua chini ya saa moja. Kwa hesabu ya kawaida ya mwenye duka, safari ya kwanza inayoepukwa imeshairudisha bei yake.

Kwa nini basi haifanyiki? Kwa sehemu ni jinsi tunavyopanga bajeti. Seva mpya ni mradi: ina fedha za maendeleo, ina zabuni, ina picha ya makabidhiano. Kadi ya kuongezea kwenye seva ya zamani ni matengenezo, na matengenezo yanatoka kwenye matumizi mengineyo, fungu ambalo hukatwa la kwanza na kufika la mwisho. Safari ya mtaalamu, kwa upande wake, ina fungu linaloeleweka na lina watu wanaolipenda. Sisemi kwamba kuna anayetamani seva ikwame ili asafiri. Nasema kwamba katika mfumo wetu wa fedha hakuna anayepata hasara yoyote yeye binafsi inapokwama, isipokuwa yule aliye kwenye foleni.

Sehemu nyingine ya jibu iko kwa watengenezaji, na hapa ndipo ninapokunja uso. Katika iDRAC6 kizuizi kilikuwa kadi ya chuma: huna, unanunua, unachomeka, imekuwa yako. Kuanzia kizazi kilichofuata, mwaka 2012, kompyuta ndogo ikawekwa kamili ndani ya bodi mama na kizuizi kikawa leseni, yaani faili inayofungua uwezo ambao tayari umo ndani ya mashine uliyoilipia. Kwa iLO ya Hewlett-Packard ni hivyohivyo: unaiona skrini ya seva yako mpaka mfumo endeshi unapoanza kuwaka, kisha pazia linashushwa na unaombwa ufunguo wa leseni. Umenunua nyumba, na chumba kimoja kimefungwa kwa kufuli la fundi mjenzi. Februari 2014 Hewlett-Packard ilikwenda mbele zaidi ikatangaza kwamba masasisho ya programu ya msingi ya seva zake yatatolewa kwa wenye dhamana au mkataba tu, ingawa iliacha masasisho ya iLO yenyewe yaendelee kupatikana. Kwa mteja wa Ulaya anayebadilisha mashine kila baada ya miaka mitano hilo ni usumbufu mdogo. Kwa hospitali inayokusudia kuitumia mashine hiyo miaka kumi na mitano, ni kodi isiyopitishwa na bunge lolote.

Hata hivyo, ningekuwa naandika nusu ya makala kama ningeishia hapo na kuwahimiza watu wanunue kadi. Kompyuta hii ndogo iliyo macho usiku na mchana ndiyo mlango wa nyuma kuliko milango yote. Anayeingia humo hahitaji nywila ya mfumo endeshi, hahitaji kuishinda programu ya kuzuia virusi, wala haonekani katika kumbukumbu ambazo Afisa TEHAMA huzikagua. Anaweza kuwasha mashine kwa diski yake mwenyewe na kusoma kila kitu kilichomo, ikiwa hifadhi haijafungwa kwa usimbaji. Na kadi za zamani zina historia ambayo yeyote anayezigusa anapaswa kuijua.

Mwaka 2013 mtafiti wa usalama wa kompyuta Dan Farmer alionesha kwamba toleo la pili la IPMI lina kasoro katika kiwango chenyewe: mtu yeyote anayebisha hodi na kutaja jina la mtumiaji aliyepo hupewa na kadi alama iliyotokana na nywila ya mtumiaji huyo, kabla hajathibitisha kuwa ni nani. Anaondoka nayo, anakwenda kukisia nywila kwa raha zake. Kwa kuwa kasoro imo katika kiwango, hakuna sasisho linaloiondoa. Kinachowezekana ni kuzima huduma hiyo au kuificha, na kutumia nywila ndefu. Mwaka 2017 ikafuata iLO 4, kadi iliyomo katika maelfu kwa maelfu ya seva za Hewlett-Packard za kizazi cha nane na cha tisa duniani. Ilitosha kutuma ombi lenye herufi A ishirini na tisa mfululizo mahali fulani, kadi ikachanganyikiwa na kumpa mgeni mamlaka yote. Sasisho namba 2.53 liliziba tundu hilo. Ni mashine ngapi katika Kanda ya Ziwa zilizowekewa sasisho hilo, kila Afisa TEHAMA anaweza kujijibu kwa zile anazozisimamia.

Tukio linalonisumbua zaidi ni la Desemba 2021. Kampuni ya usalama ya Iran, Amnpardaz, ilitoa taarifa ya kirusi kilichogunduliwa ndani ya iLO, kikapewa jina la iLOBleed. Kilikuwa kikifuta diski za seva. Wahusika wanaweka mfumo upya, kinafuta tena. Kilichokifanya kiwe cha pekee ni hila yake: msimamizi alipojaribu kuweka sasisho jipya, kirusi kilizuia kazi hiyo kimyakimya, kisha kikaonesha kwenye skrini kwamba sasisho limefaulu na namba ya toleo ni mpya. Msimamizi alikuwa amefanya wajibu wake wote, na taarifa yake kwa wakubwa wake ilikuwa kamili, na yote yalikuwa uongo ulioandikwa na mashine. Machi 2025 ikatangazwa kasoro nyingine, safari hii katika programu ya kampuni ya AMI inayotumiwa na watengenezaji kadhaa wa seva. Ilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari, na ilipofika Juni mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani ikaiingiza katika orodha ya kasoro zinazotumiwa na wavamizi kwa sasa. Kwa hiyo hata anayesema tununue mpya tuachane na kuukuu hajakimbia tatizo, amelipia tu toleo lake la karibuni.

Wasomaji wa Kahama watanisamehe nikirudi kwenye jambo lao la kihistoria. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Nchi nzima ilibishana kuhusu kilichomo ndani yake: kamati zilitoa takwimu zao, kampuni ya Acacia ikazikana. Mwisho wa mgogoro huo ilizaliwa kampuni ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Naomba tuache kando nani alikuwa sahihi kwa kiasi gani. Kilichowauma wananchi, kwa maoni yangu, kilikuwa cha ndani zaidi ya takwimu: kwamba kwa miaka mingi kitu kilikuwa kikitoka kwetu na sisi hatukuwa na uwezo wetu wenyewe wa kukifungua na kujua kilichomo. Tulitunga sheria mwaka huohuo juu ya mamlaka ya nchi kwa maliasili zake. Juu ya kontena dogo lililomo ndani ya kila seva ya umma, lenye uwezo wa kutoa majina, magonjwa, mishahara na madeni ya watu wetu, tumetunga nini?

Sheria zipo, kwa kweli. Kuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini sheria husomwa na mwanasheria, na kadi hufungwa na fundi, na wawili hao hawakai katika kikao kimoja. Ninavyoona mimi, taasisi inayoweka taarifa za wagonjwa kwenye seva ambayo kadi yake ya usimamizi bado ina nywila ya kiwandani haijazilinda taarifa hizo kwa maana yoyote ya neno kulinda. Na nywila za kiwandani si siri. Ya Dell ya miaka ile ni neno «calvin», na dunia nzima inalijua.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwamba mifumo ya Serikali imehamia kwenye vituo vikuu vya data na halmashauri sasa zinahitaji kivinjari tu. Wana haki kwa sehemu kubwa. Malipo ya halmashauri yaliyokuwa yakifanyika kwenye Epicor sasa yako MUSE, na ununuzi uko NeST; mhasibu wa Ushetu hahitaji seva chini ya meza yake ili alipe mzabuni. Huo ni uamuzi mzuri na ninauunga mkono. Lakini nenda kwenye hospitali ya shirika la dini, chuo cha ufundi, chama cha akiba na mikopo, mamlaka ya maji, kampuni ya uchenjuaji, kituo cha redio: seva za ndani zipo, na nyingi ni kuukuu, baadhi zikiwa zimenunuliwa zikiwa tayari zimetumika kwingine. Halafu kuna jambo la tarehe 12 Mei 2024, pale nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchini mwetu na kwa majirani. Siku hiyo, aliyekuwa na kila kitu chake ng'ambo alibaki akitazama duara likizunguka, na aliyekuwa na seva ya ndani aliendelea kuwaandikisha wagonjwa. Siku hiyohiyo pia ilionesha mpaka wa ninachokipendekeza: fundi aliye mbali hana msaada kama njia ya kumfikisha kwenye kadi nayo imekatika. Usimamizi wa mbali haumwondolei kazi mtu aliyepo. Humpunguzia usiku.

Namna ya kuifanya kazi yenyewe, kwa wale watakaopewa jukumu hilo, haina maajabu, ila ina mpangilio ambao ukivurugwa ni afadhali isingefanyika. Kwanza tafuta ulicho nacho. Zunguka nyuma ya kila seva uangalie tundu la mtandao lililotengwa, mara nyingi likiwa na alama ya spana ndogo au jina la iDRAC au iLO. Usidanganyike ukiliona tupu. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi: seva nyingi za zamani zimepangwa kiwandani hivi kwamba tundu hilo lisipochomekwa kebo, kompyuta ndogo hujipenyeza kupitia tundu la kawaida la mtandao wa ofisi. Yaani kadi ambayo hujawahi kuiwasha inaweza kuwa hewani leo, katika mtandao uleule unaotumiwa na kompyuta ya mapokezi, ikisubiri mtu ataje «calvin». Taasisi inayosema haina usimamizi wa mbali huenda inao bila kujua, na hali hiyo ni mbaya kuliko zote.

Pili, masasisho. Pakua programu ya kadi kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye jukwaa la watu wema. Kwa kadi iliyonunuliwa ikiwa imetumika, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani kabla ya lolote, kisha weka programu upya hata kama inadai tayari ni ya karibuni. Tumeona jinsi dai hilo linavyoweza kughushiwa. Hili haliondoi hatari yote, na kwa mashine inayobeba taarifa nyeti sana ningependelea kadi mpya au mashine mpya. Kisha ondoa nywila za kiwandani, futa watumiaji wasiojulikana, na zima IPMI ya mtandaoni kama huitumii, maana kurasa za kadi zenyewe hutosha kwa kazi nyingi.

Tatu, na hili ndilo la kusisitiza hata nikichosha: kadi hiyo isionekane kamwe kwenye intaneti ya wazi. Iwe na mtandao wake uliotengwa na ule wa ofisi, na anayeifikia kutoka nje apite kwenye njia iliyosimbwa yenye uthibitisho wa hatua mbili. Kifaa cha kutenganisha mitandao kwa kawaida tayari kipo kwenye kabati la mtandao; kinachohitajika ni mtu wa kukipanga. Nimesikia hoja kwamba taasisi ndogo haiwezi mambo hayo, hivyo iruhusiwe kuweka kadi moja kwa moja kwenye anwani ya umma «kwa muda». Jibu langu ni kwamba taasisi isiyoweza kutenga mtandao isiweke kadi kabisa, iendelee kugharimia safari. Safari ni hasara inayohesabika.

Kuna usumbufu mwingine ambao vijana watakutana nao mapema. Kurasa za kadi nyingi za kale hutumia usimbaji ambao vivinjari vikubwa viliukataa kuanzia mwaka 2020, na skrini yake huhitaji Java ya zamani. Ndiyo maana utamkuta Afisa TEHAMA makini ana kompyuta moja ya mkononi iliyochakaa ambayo hamruhusu mtu kuiboresha; amehifadhi humo kivinjari cha kale kama bibi anavyohifadhi mbegu. Namna iliyo salama zaidi ni kuweka mazingira hayo ya kale ndani ya kompyuta pepe isiyofika intaneti, ikatumika kwa kazi hiyo peke yake. Na kwa seva isiyokubali kadi yoyote, kuna vifaa vya nje vinavyochomekwa kwenye tundu la skrini na la kibodi, kikiwemo kile kinachotengenezwa juu ya Raspberry Pi na ambacho programu yake ni huria. Hicho ninakipenda kwa sababu ya kisiasa kabisa: mwanafunzi wa Kahama anaweza kukifungua, kukisoma na kukirekebisha, na siku mtengenezaji atakapoacha kukihudumia, hakitageuka kuwa mlango usio na mwenyewe.

Linabaki suala la watu. Katika ofisi nyingi, nywila ya kadi ikishabadilishwa huhifadhiwa mahali pawili: kichwani mwa Afisa TEHAMA na kwenye simu ya mzabuni aliyeleta mashine. Afisa huhamishwa, kama watumishi wote wanavyohamishwa, na huondoka na kichwa chake. Mzabuni habadiliki. Baada ya miaka mitatu mtu pekee mwenye ufunguo wa seva ya umma ni mfanyabiashara ambaye mkataba wake uliisha zamani, na ambaye huitwa kwa heshima kila mashine inapokwama, akaja na ankara. Hakuna uovu uliotendeka hapo. Ni uzembe wa kiutawala. Dawa yake ni ya kizamani: nywila iandikwe, iwekwe ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, bahasha ikae kwenye sefu ya taasisi pamoja na hati za viwanja, na makabidhiano ya afisa anayehama yasikamilike hadi nywila ibadilishwe na bahasha mpya iwekwe. Wakaguzi wa ndani wanaohesabu viti na meza wangeweza kuiuliza bahasha hiyo kwa dakika mbili.

Nimalizie na mwisho wa mashine yenyewe. Buzwagi ilifungwa mwaka 2021, na sheria zetu za madini humtaka mwenye mgodi awe na mpango wa kufunga: mashimo yatafanywaje, maji yatapimwaje, nani atabeba gharama. Seva hazina mpango wa namna hiyo. Zikichoka huingizwa kwenye orodha ya vifaa chakavu, kamati inakaa, mnada unatangazwa. Mara nyingi anapatikana mtu wa kukumbuka kutoa diski. Kadi haikumbukwi na mtu, ilhali ndani yake mnabaki nywila, na IPMI huzitunza katika namna inayoweza kusomeka tena, pamoja na majina ya watumiaji na anwani za mtandao wa ndani wa taasisi. Kama nywila hiyohiyo imetumika kwenye seva nyingine tano ambazo hazijauzwa, mnunuzi wa chuma chakavu ameondoka na funguo za tano hizo kwa bei ya kilo. Kwa hiyo kwenye fomu ya uondoshaji, chini ya mstari wa diski, uongezwe mstari mmoja zaidi: kadi ya usimamizi imerejeshwa kiwandani au imetolewa, na aliyefanya hivyo atie saini.